Faiba ziwani: safari ya uzi na gundi hadi Igogo

Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Mwanza kukabidhi boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa wavuvi na wafugaji wa Kanda ya Ziwa, kwa mikopo isiyo na riba. Boti hizo hazikuwa za mbao wala za chuma. Zilikuwa za faiba, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi ya kemikali ndani ya kalibu, kikakauka na kuwa ganda moja gumu lisilo na msumari wala kiungo.

Kwa wakazi wa Igogo habari hiyo haikuwa ya mbali. Kata hii ya wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza, imebanwa kati ya vilima vya majabali na maji ya ziwa, kusini kidogo ya katikati ya jiji, na maisha yake yamefungamana na reli, bandari, viwanda na samaki. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo upande huu wa jiji umeona kila aina ya chombo kikiingia na kutoka: mtumbwi wa mbao wa mvuvi wa dagaa, meli ya abiria ya chuma, na sasa boti ya faiba.

Wengi huichukulia faiba kama mgeni aliyeshuka juzi. Kwa upande wa kemikali zake ni kweli. Lakini wazo lenyewe, la kuufunga uzi na kitu kinachoziba maji ili vibebe mzigo pamoja, lilikuwa ziwani na pwani muda mrefu kabla ya kiwanda chochote. Na historia hiyo ina fundisho moja ambalo Mwanza inalihitaji leo: chombo hudumu pale penye fundi wake.

Vyombo vilivyoshonwa

Msafiri Henry Morton Stanley alipofika Kageye, mashariki ya Mwanza ya leo, mwaka 1875, alikuja na boti yake Lady Alice ikiwa imekatwa vipande na kubebwa na wapagazi kutoka pwani. Machi mwaka huo aliiunganisha na kuanza kulizunguka ziwa. Alichokikuta majini ni vyombo vilivyokwisha kukomaa kiufundi. Mitumbwi ya Wasese, watu wa visiwa vya kaskazini magharibi mwa ziwa, ilikuwa na mkuku wa gogo moja na mbao za ubavuni zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, na matundu ya mshono yakazibwa. Mitumbwi ya namna hii ilibeba wanajeshi wa Kabaka Mutesa wa Buganda, na ilibeba biashara kati ya visiwa na bara.

Pwani nako ilikuwa hivyo. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinataja vyombo vya kushonwa katika mwambao huu wa Afrika Mashariki. Wabajuni na watu wa Lamu walijenga mtepe kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na chombo hicho kiliendelea kusafiri mpaka miaka ya mwanzo ya karne ya 20.

Katika vyombo hivyo vyote, uzi ulibeba mvutano na kizibo kilizuia maji. Ubao ulipolegea, fundi aliyekuwa mwaloni aliufumua mshono na kuushona upya. Nyuzi zilitoka kwenye mmea uliokuwa karibu, na ujuzi ulikuwa mikononi mwa jirani. Hakuna aliyesubiri kipuri kutoka ng'ambo.

Zama za msumari na chuma

Ukoloni ulileta msumari wa kiwandani, msumeno na meli za chuma. SS William Mackinnon ilisafirishwa vipande vipande kutoka Scotland na kushushwa majini Kisumu mwaka 1900. Miaka 60 baadaye mambo yalikuwa yale yale: MV Victoria iliundwa Glasgow, ikasafirishwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961.

Kwa mvuvi wa kawaida, mabadiliko makubwa yalikuwa mbao za kupigiliwa misumari badala ya kushonwa. Mtumbwi wa mbao ulizibwa kwa kalafati, yaani pamba iliyosokomezwa kwenye maungio. Mvule ulikuwa mti wa heshima kwa kazi hiyo. Kisha sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka kupita kiasi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya kuchakata minofu vikajengwa Mwanza. Uvuvi ukapanuka. Sensa za uvuvi za miaka ya 2010 zilihesabu zaidi ya vyombo 60,000 katika ziwa zima, Tanzania, Uganda na Kenya kwa pamoja, na karibu vyote ni vya mbao.

Vyombo vingi kiasi hicho vinakula msitu. Mbao inayolala majini mchana na usiku huoza, maungio huachia, na mwenye chombo hurudi kwa muuza mbao. Kadiri miti mikubwa ilivyopungua, mafundi walilazimika kutumia mbao laini zaidi, zinazochoka upesi. Ndipo swali la faiba likaja lenyewe.

Chimbuko la kitambaa na gundi

Hatua ya kwanza ya faiba ya leo haikuhusu boti wala kioo. Mwaka 1907 mkemia Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji aliyekuwa akiishi Marekani, alitengeneza gundi ya kwanza ya viwandani isiyotokana na mmea wala mnyama, akaiita Bakelite. Ikishapashwa moto na kugandamizwa, haiyeyuki tena. Miaka michache baadaye, wahandisi wawili wa kampuni ya Westinghouse, Daniel O'Conor na Herbert Faber, waliona kwamba kitambaa kikiloweshwa gundi hiyo na kugandamizwa tabaka juu ya tabaka, hutokea ubao mwembamba usiopitisha umeme. Mwaka 1913 walianzisha kampuni ya Formica. Meza nyingi za ofisi na mikahawa ya Afrika Mashariki zilikuja kufunikwa kwa bidhaa za jamii hiyo.

Hatua ya pili ilitokea Ohio mwaka 1932. Kijana mtafiti, Dale Kleist, alikuwa akijaribu kuunganisha matofali ya kioo. Upepo wa kubanwa ulipokutana na kioo kilichoyeyuka, kioo kikatawanyika kuwa nyuzi nyembamba. Mkuu wake wa utafiti, Games Slayter, aliuendeleza utaratibu huo, na mwaka 1938 ikazaliwa kampuni ya Owens-Corning.

Kilichobaki ni gundi inayokauka bila tanuri wala mashine nzito ya kugandamiza. Gundi ya poliesta, iliyotokana na kazi za miaka ya 1930, ndiyo iliyoleta jibu. Mwaka 1942 Ray Greene wa mji wa Toledo, Ohio, alitengeneza mashua ndogo ya tanga kwa nyuzi za kioo na poliesta. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, ujuzi huo ukaenea kwenye boti za jeshi, kisha za raia. Mwaka 1953 kampuni ya Chevrolet ikatoa gari la Corvette lenye bodi ya faiba.

Katika vita hiyo hiyo kulikuwa na tukio moja linaloihusu sana Tanzania, ingawa lilifanyika Uingereza. Wahandisi wakihofia uhaba wa aluminiamu walichukua nyuzi za kitani, mmea wa kawaida wa shambani, wakazilowesha gundi na kutengeneza kiunzi cha majaribio cha mwili wa ndege ya kivita ya Spitfire. Aluminiamu haikuisha, na jaribio halikuendelea. Lakini walikuwa wamethibitisha kwamba nyuzi za mmea nazo zinaweza kazi hiyo.

Kazi yenyewe inavyofanywa

Uhusiano wa nyuzi na gundi ni ule wa nondo na zege: kimoja kinahimili kuvutwa, kingine kinashika umbo na kusambaza mzigo. Nyuzi za kioo zikiwa peke yake ni kitambaa kinachokunjika. Gundi ikiwa peke yake huvunjika kwa pigo moja. Vikishikana, hupatikana kitu chepesi kisichooza wala kushika kutu.

Boti huanzia kwenye umbo la mfano, mara nyingi la mbao, lililosawazishwa hadi ling'ae. Juu ya umbo hilo hutengenezwa kalibu, na kalibu moja ikitunzwa huzaa boti nyingi. Ndani ya kalibu hupakwa nta ili boti ising'ang'anie. Hufuata jelikoti, tabaka la rangi litakalokuwa uso wa nje na kinga dhidi ya jua na maji. Kisha hulazwa mati ya nyuzi zilizokatwa na kutawanywa, na vitambaa vilivyofumwa, tabaka baada ya tabaka, huku gundi ikipakwa kwa brashi na kukandamizwa kwa rola ili viputo vya hewa vitoke.

Ugumu wa kazi uko kwenye vipimo. Hadina, dawa inayoigandisha gundi, huwekwa kwa asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wa gundi. Ikizidi, gundi hupata moto mkali na kupasuka. Ikipungua, boti hubaki laini isivyoonekana kwa macho. Mati huhitaji gundi yenye uzito wa zaidi ya mara mbili ya uzito wake, wakati kitambaa kilichofumwa huhitaji karibu uzito sawa. Fundi anayebania gundi huacha nyuzi kavu, na maji hupenya humo. Anayeimimina ovyo hutengeneza boti nzito yenye gundi tupu inayopasuka. Viputo vilivyoachwa chini ya jelikoti huwa malengelenge baada ya miaka kadhaa majini.

Kuna pia suala la afya, na lisifichwe. Gundi ya poliesta hutoa mvuke wa stairini wenye harufu kali unaoumiza kichwa na mapafu. Vumbi la kusaga faiba huwasha ngozi na kuingia kifuani. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo. Inahitajika yenye kichujio cha kemikali, pamoja na glavu, miwani na mahali penye hewa inayopita. Mwajiri anayemwingiza kijana kwenye kalibu bila vitu hivi anampunguzia miaka ya maisha.

Faiba ilivyoingia nchini kwa milango mingi

Boti ni mlango mmoja tu. Mafundi wa gereji wamekuwa wakirekebisha bampa na bodi za magari kwa mati na gundi kwa miaka mingi. Mengi ya magari ya kubeba minofu ya samaki yana masanduku ya faiba yenye tabaka la kuzuia joto katikati.

Mlango mwingine ni hospitali. Moshi, kwenye eneo la hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT kilichoanza mwaka 1981 kufundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Njia mojawapo ya kutengeneza sehemu ya mguu bandia inayopokea kigutu ni kuvika soksi za nyuzi juu ya umbo la plasta la mgonjwa, kumimina gundi, na kunyonya hewa ili gundi iingie kila mahali. Ufundi huo ni ndugu kabisa wa ule wa boti, na kwa zaidi ya miaka 40 umefundishwa kwa Waafrika, hapa hapa Tanzania, kwa kiwango kinachoheshimika nje ya mipaka yetu.

Mlango wa tatu uko angani. Julai 2018 ndege ya Boeing 787-8 ya Air Tanzania ilitua Dar es Salaam, na mwezi huo huo ikaanza safari za ndani ambazo mojawapo ilikuwa ya Mwanza. Karibu nusu ya uzito wa ndege hiyo ni vitambaa vya nyuzi za kaboni na gundi. Desemba 2018 ikafuata Airbus A220-300, na Air Tanzania ikawa shirika la kwanza Afrika kuirusha. Mabawa yake hutengenezwa Belfast: vitambaa vikavu vya kaboni hupangwa kwenye kalibu, gundi hudungwa kwa shinikizo, kisha bawa huokwa kwenye tanuri kubwa. Abiria anayetua Mwanza akitazama bawa hilo dirishani anatazama kazi ya kitambaa na gundi iliyopimwa kwa usahihi wa juu kabisa.

Mkonge na korosho

Sehemu ya historia hii inayostahili kujulikana zaidi na Watanzania imeandikwa na Watanzania wenyewe.

Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 aliyoiagiza kutoka Florida, 62 tu ilifika hai, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba ya Tanga na kwingineko. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takriban tani 230,000, kisha kamba za plastiki zikaliporomosha soko lake. Usukumani nako mkonge ulipandwa kama uzio wa mipaka ya mashamba na kuwaingizia wakulima wadogo fedha.

Miaka ya mwanzo ya 1990, mhandisi Elifas Bisanda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye baadaye alikuja kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, alishirikiana na Martin Ansell wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, kuchunguza namna ya kuufanya mkonge ushikane vema na gundi. Mwaka 1992 walichapisha utafiti wa mkonge uliofungwa kwa gundi itokanayo na mafuta ya maganda ya korosho. Mafuta hayo meusi yanayounguza ngozi ya mbangua korosho yana kemikali ya jamii moja na ile iliyotumika kutengeneza Bakelite. Mwaka 1993 Bisanda akachapisha kazi nyingine kuhusu kutengeneza vipande vya kuezekea nyumba kwa nyuzi za mkonge.

Mtafiti Leonard Mwaikambo akaendeleza njia hiyo. Mwaka 2002, pamoja na Ansell huyo huyo, alichapisha utafiti wa namna dawa ya alkali inavyosafisha na kubadili nyuzi za mkonge, juti, katani (hemp) na sufi, na mwaka uliofuata kazi kuhusu nyuzi za mimea zilizofungwa kwa gundi ya korosho.

Uzi wa mkonge una nguvu ndogo kuliko wa kioo, na hunyonya maji usipotibiwa vizuri. Kwa sababu hiyo haujawa uzi wa kujengea mkuku wa boti ya uvuvi. Lakini ni mwepesi, kwani uzito wake kwa ujazo ni karibu asilimia 60 ya ule wa kioo, na kuukata hakutoi vumbi la kioo. Kwa vifuniko, viti, kuta za ndani, masanduku na vipande vya kuezekea, unatosha. Tanzania inalima uzi, na Mtwara na Lindi zinavuna korosho ambazo nyingi husafirishwa bila kubanguliwa, ganda na mafuta yake yakiwa ndani. Tunauza malighafi mbili za ufundi huu, kisha tunanunua boti.

Fimbo ya mbali haiui nyoka

Chuma kinatupa mfano wa jinsi ya kwenda. MV Victoria ilikuja ikiwa vipande kutoka Glasgow, lakini ilipochoka ilifufuliwa Mwanza na kurudi kazini mwaka 2020. Meli ya MV Mwanza Hapa Kazi Tu, yenye urefu wa mita 92.6 na uwezo wa abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ilijengwa kwenye Bandari ya Mwanza Kusini na kushushwa majini Februari 2023. Ilijengwa na kampuni ya Korea, ila jasho la kuchomelea lilikuwa pia la vijana wa hapa. Songoro Marine, kampuni ya Kitanzania yenye karakana Mwanza, hujenga vivuko vya chuma. Kwa hiyo chuma kimekuwa cha kwetu kwa sababu kina karakana, mashine na mafundi wanaojulikana kwa majina.

Faiba bado haijafika hapo. Boti ya faiba ikigonga jabali usiku, na Ziwa Victoria lina majabali kila upande wa Ghuba ya Mwanza, tundu lake halizibwi kwa kipande cha ubao na misumari. Kingo za tundu husagwa kwa mshazari mrefu, wa takriban mara 12 ya unene wa ganda, zikasafishwa na kukaushwa kabisa, kisha tabaka hulazwa upya kutoka dogo hadi kubwa. Akiwepo fundi anayejua hivyo, chombo hurudi majini baada ya siku chache. Asipokuwepo, boti ya mkopo hubaki mchangani huku deni likiendelea kudaiwa.

Njia ya kuziba pengo hili inajulikana. FETA, wakala wa elimu na mafunzo ya uvuvi, ina kampasi Nyegezi, kilomita chache kusini mwa Igogo, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina mtandao wa vyuo. Kozi fupi ya faiba yenye kalibu halisi, mizani ya kupimia hadina na barakoa sahihi haihitaji majengo mapya. Kila mkopo wa boti ungeweza kuambatana na mafunzo ya ukarabati kwa vijana wa mwalo husika, na kila zabuni ya serikali ingeweza kumtaka mshindi aache kalibu na ujuzi Mwanza. Mafundi wa mitumbwi ya mbao ndio wangekuwa wa kwanza kuitwa, kwa kuwa wanalijua ziwa: mawimbi yake mafupi yanayogonga, mzigo wa nyavu, na namna chombo kinavyoburutwa juu ya mawe.

Pia lazima mpango wa mwisho wa maisha ya boti upangwe mapema. Gundi ikishaganda haiyeyushwi tena, na faiba iliyotelekezwa haiozi. Mwaka 2021 mashua ya Flipflopi, iliyoundwa Lamu kwa plastiki iliyorejelezwa chini ya fundi mkuu Ali Skanda, ilipita Kisumu na Uganda hadi Mwanza ikihubiri kuhusu taka za plastiki ziwani. Boti za faiba zisiwe sura inayofuata ya tatizo hilo. Kila moja isajiliwe, na mmiliki ajue atakapoipeleka ikichakaa.

Mtumbwi wa Wasese ulitamba ziwani kwa sababu aliyeushona aliishi mwaloni. Meli za chuma zimebaki kwa sababu Kisumu na Mwanza zilipata karakana. Faiba itapimwa kwa kipimo hicho hicho. Idadi ya boti zinazokabidhiwa kwenye sherehe ni mwanzo mzuri, lakini hesabu itakayoamua ni ya mafundi: ni vijana wangapi wa Igogo, Kirumba, Ukerewe na Sengerema wataweza kulaza mati, kupima hadina, kuziba tundu na, hatimaye, kutoa boti yao wenyewe kwenye kalibu. Hesabu hiyo ianze kufanywa katika bajeti ijayo, kabla boti za kwanza hazijachakaa.